Taulo la Furaha

Kwa miaka mingi nilikuwa katibu wa vyama viwili, chama cha ndondi na chama cha mieleka, na vyote viwili vilikuwa na chumba kimoja, kabati moja na ufunguo mmoja. Ufunguo nilikuwa nao mimi. Watu wa ndondi walinichagua kwa sababu nilimaliza sekondari na nilikuwa na mwandiko mzuri. Watu wa mieleka walinichagua kwa sababu watu wa ndondi walikuwa wamekwisha kunichagua, na hawakuona haja ya kuhangaika. Mimi mwenyewe nimepigana na mtu mara moja tu maishani, shuleni, na mara hiyo nilikimbia.

Chumba chetu kilikuwa mtaa wa Nyakabiga, nyuma ya duka la misumari na rangi. Mlangoni niliandika majina ya vyama kwa Kifaransa, na chini yake neno Olimpiki kwa herufi kubwa kuliko majina yenyewe. Ndani ya kabati kulikuwa na jozi nne za glavu, na moja ya jozi hizo ilikuwa na glavu mbili za mkono wa kushoto. Mkeka wa mieleka ulikuwa magodoro ya sponji yaliyoshonewa turubai, zawadi ya mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa Buyenzi ambaye babu yake alitoka Omani. Alitupa kwa sharti moja, kwamba tusirudi tena kuomba. Kila mwisho wa mwaka niliandika ripoti kwa wakubwa, na kila ripoti ilikuwa na sentensi hii: "Michezo hii inazidi kusonga mbele." Sikuona kuwa ni uongo. Nilikuwa nimeanza na kiti cha mbao, na sasa nilikuwa na kiti cha kuzunguka.

Kazi yenyewe ilifanywa na kocha. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, mtu mfupi mwenye mabega mapana ambaye alfajiri alikanda unga katika tanuri la mikate na jioni alifundisha vijana uani. Jumatatu na Jumatano alifundisha ndondi, Jumanne na Alhamisi mieleka. Vijana walikuwa walewale, kwa sababu hatukuwa na vijana wa kutosha michezo miwili. Ndiyo maana wanamasumbwi wetu walikuwa na tabia ya kumkumbatia mpinzani, na wanamieleka wetu waliingia mkekani wakiwa wameficha kidevu nyuma ya ngumi. Wageni waliofika kutukagua waliuliza kama huo ni mtindo wetu wa asili. Nilijibu kwamba ndiyo.

Miongoni mwa vijana hao kulikuwa na mmoja wa mtaa wa Kinama aliyetengeneza baiskeli kando ya barabara. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu kama ya mtu aliyeazima ya kaka yake, na alikuja mazoezini kwa miguu, akarudi kwa miguu. Kocha alimfundisha miaka sita. Huyo ndiye aliyepewa ile jozi ya glavu mbili za kushoto, na pengine kwa sababu hiyo mkono wake wa kushoto ukawa jambo la kutisha. Lakini ulikuwa na kasoro: akichoka, ulishuka. Kila jioni nilimsikia kocha, nikiwa ofisini kwenye kiti changu, akipiga kelele uani, "Mukono! Mukono wa kushoto unaanguka! Unataka kuokota nini huko chini?"

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo aibu yangu haitaeleweka.

Mapambano yetu tuliyafanya Buyenzi, Jumapili mchana, na watu wa Buyenzi hawajui kutazama jambo zuri wakiwa wametulia. Mpiga ngoma akipiga vizuri hutuzwa, bibi harusi akipendeza hutuzwa, na mwanamasumbwi akipiga ngumi safi naye hutuzwa. Akina mama walivua vitenge vya mabegani wakavirusha ulingoni. Wanaume walirusha kofia, mashati, na taulo, ambalo sisi tunaliita isume. Refa alisimama, akasubiri nguo ziondolewe, kisha pambano likaendelea. Baada ya pambano kila mtu alikwenda kutafuta chake. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kila Jumapili na kofia iliyo nzuri kuliko aliyokuja nayo. Na kama kocha aliona mtu wake anaumia, hakurusha kitu. Alipanda ulingoni mwenyewe, akamshika refa begani, na kumwambia kwamba yatosha. Refa alikuwa jirani yake.

Kitabu cha sheria za kimataifa tulikuwa nacho kimoja, kwa Kifaransa, na nilikifungia kabatini kisichafuke. Nilikisoma mwenyewe. Nilisoma kwa makini sura ya viongozi, vyeo vyao, viti vyao na namna wanavyopaswa kupokelewa. Sura ya wasaidizi wa kona sikuisoma. Niliona hiyo ni ya kocha, na kocha hakuwa na ufunguo.

Siku moja ikafika barua kutoka nje. Kutakuwa na mashindano ya kutafuta nafasi za Olimpiki katika nchi ya mbali, na sisi tumepewa nafasi mbili: mwanamasumbwi mmoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mwanamasumbwi tulimjua. Mtu wa kumsindikiza kila mtu alimjua pia, isipokuwa mimi.

Kocha alikuja ofisini na kofia yake yenye unga mkononi. Kwa kuwa alikuwa mkimbizi, alihitaji hati ya kusafiria, na kwa hati hiyo alihitaji barua moja ya chama yenye sahihi na muhuri.

"Sekretere," aliniambia, "ni mistari mitatu tu. Andika kwamba mimi ni kocha."

"Hilo linajulikana," nikamjibu.

"Linajulikana hapa. Kule kwenye ofisi ya hati hawanijui."

Nilimwambia aniachie, nitashughulikia. Niliiandika siku ileile, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaitia droo. Haikuhitaji chochote zaidi ya muhuri, na muhuri ulikuwa droo hiyohiyo, upande wa kulia. Barua ilikaa humo siku kumi na moja. Kila alipokuja nilimwambia mambo ya ofisi yana taratibu zake. Siku ya kumi na mbili niliigonga muhuri, nikampa, nikamtakia heri. Muda wa kuomba hati ulikuwa umekwisha kupita, na mtu pekee katika chama aliyekuwa na pasipoti tayari nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeitengeneza miaka minne kabla, kwa ajili ya dharura kama hiyo.

Kocha alitusindikiza mpaka uwanja wa ndege. Alinipa taulo jeupe, jipya, lililokunjwa vizuri, na chupa ya maji.

"Taulo ni la kumpangusa," alisema. "Maji ni ya kumpa kidogo kidogo. Ukiona mukono wa kushoto unaanguka, mwambie. Ni hayo tu, Sekretere. Mengine yeye anajua."

Hakuniambia zaidi. Ni mtu gani angefikiri kwamba katibu wa chama cha ndondi anahitaji kuambiwa zaidi?

Kule tulikofika nilivishwa beji shingoni iliyoandikwa kwamba mimi ni kocha. Niliitazama mara nyingi kwenye kioo cha lifti. Nchi nyingine zilikuwa na watu watatu kila kona, wenye ndoo, barafu na mafuta ya usoni. Sisi tulikuwa na mimi.

Pambano la kwanza alishinda kijana wetu bila msaada wangu wowote, jambo ambalo halikunizuia kupokea pongezi. La pili ndilo lililokuwa na nafasi ya Olimpiki. Akishinda hilo, anakwenda. Mpinzani wake alikuwa kijana wa nchi kubwa, mwenye misuli hata shingoni.

Baada ya raundi ya kwanza aliketi kwenye kigoda mbele yangu akihema, akanitazama akingoja maneno.

"Endelea hivyo hivyo," nikamwambia.

Baada ya raundi ya pili nikamwambia, "Endelea vilevile."

"Muzee, maji iko wapi?"

Nilitazama chupa. Ilikuwa tupu. Kwa wasiwasi nilikuwa nimeinywa yote.

"Meza mate," nikamwambia. "Na mkono wa kushoto unaanguka." Sikuwa nimeuona ukianguka. Lakini ndilo agizo pekee nililolikumbuka.

Raundi ya tatu ikaanza. Katikati yake kijana wetu aliinama chini ya ngumi moja kubwa, akainuka na mkono wa kushoto, ule wa Kinama, ule wa glavu mbili, na yule wa nchi kubwa akakaa chini kama mtu aliyekumbuka jambo. Refa akahesabu mpaka nane. Yule akasimama, miguu ikiwa haijapatana. Refa akawaruhusu waendelee. Kijana wetu akamfuata na kushoto nyingine, safi, yenye sauti. Nikasikia watu wote ukumbini wakivuta pumzi, na mwilini mwangu ikapanda Buyenzi nzima. Nilipiga kelele, nikaruka, nikarusha nilichokuwa nacho mkononi.

Taulo lilikwenda vizuri sana. Sijawahi kurusha kitu vizuri hivyo. Lilifunguka hewani, likatua katikati ya ulingo, mbele ya miguu ya refa.

Refa aliliangalia. Akaniangalia. Mimi nilikuwa napiga makofi. Akapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, kengele ikalia, na akaushika mkono wa yule wa nchi kubwa akauinua. Yule mwenyewe alishangaa, akamtazama kocha wake. Kijana wetu alisimama akitazama taulo. Kisha aligeuka akanitazama mimi, na mimi bado nilikuwa napiga makofi, maana nilidhani wanasubiri nguo iondolewe.

Nilielezwa na mtu wa meza ya majaji, kwa Kifaransa, kwa upole, kama mtu anavyomweleza mgeni kwamba amekaa kwenye kiti kisicho chake. Taulo kutoka kona maana yake ni kusalimu amri. Iko kwenye kitabu, alisema. Nilimjibu kwamba kitabu ninacho.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kijana alikuwa anafungua bendeji za mikono polepole, akizikunja kama za kutumia kesho.

"Muzee, mbona?"

"Mimi nilifurahi."

"Ulifurahi."

"Nilifurahi sana."

Akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili. "Na Kocha? Utamuambia nini?"

"Nitamwambia ukweli," nilisema, na nilimaanisha. Ndani ya ndege nilimaanisha bado. Nilimaanisha mpaka tulipoanza kushuka na nikaliona ziwa chini yetu.

Tulipotua walikuwapo wakubwa wawili walioteremka na magari kutoka Kiriri, mtaa wa wakubwa mlimani, na mtu wa redio na kinasa sauti chake. Nyuma ya uzio alikuwapo kocha, bado na unga kwenye nywele za mikono. Mtu wa redio akaniuliza kwa nini kona ilitupa taulo. Nikasikia sauti yangu ikijibu kwamba afya ya mchezaji huja kwanza.

"Kwa hiyo aliumia?"

"Kidogo."

"Wapi?"

Nilimtazama kijana. Hakuwa na hata mkwaruzo.

"Ndani," nikasema.

Kutoka hapo mambo yalikwenda yenyewe. Nililazimika kuandika ripoti, na ripoti haikuweza kupingana na redio. Niliandika kwamba katika raundi ya tatu mwanamasumbwi alijisikia vibaya, akaomba asiendelee, na kona, kwa busara, ikakubali. Niligonga muhuri. Mkubwa mmoja wa Kiriri alinishika mkono na kusema kwamba nchi ndogo inahitaji viongozi wenye moyo wa kibinadamu kama wangu. Mwaka uliofuata nilialikwa kwenye semina, kuzungumzia usalama wa wachezaji. Nilizungumza saa nzima.

Kocha alikuja ofisini kusoma ripoti. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Aliomba kuacha?" akauliza.

"Imeandikwa hapo."

"Nakuuliza wewe, Sekretere. Aliomba?"

"Imeandikwa."

Sikusema ndiyo. Kwa miaka mingi nimejifariji na hilo, kwamba sikusema ndiyo. Mtu akiwa na mwandiko mzuri hahitaji kusema.

Kijana, kwa upande wake, alimwambia kocha ukweli mtupu siku ileile, na ukweli ulimponza. Kocha alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamjibu mbele ya wenzake wote uani, nami nikiwa nyuma ya dirisha:

"Sekretere muzima, mutu mwenye kitabu cha sheria, atupe isume juu ya furaha? Unaniona mimi mutoto? Kama uliogopa, sema uliogopa. Kuogopa si zambi. Lakini usinipikie uongo ya namna hii."

"Kocha, mi naapa."

"Toka. Ukipata uongo ya maana, urudi."

Ningeweza kutoka nje. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti. Nilikizungusha kiti kikaangalia ukuta.

Kijana hakurudi. Mtaani walimwita kila jina. Mteja akimletea baiskeli yenye pancha humuuliza kama atamaliza kazi au ataomba kuacha. Kocha aliendelea kufundisha, lakini sikumsikia tena akipiga kelele juu ya mkono wa kushoto wa mtu yeyote.

Miaka ikapita. Niliachia ufunguo kwa kijana mwenye kompyuta. Vyama vikatengana, kila kimoja kikapata chumba chake, na watu wa mieleka wakapata mkeka wa kweli. Siku hizi kuna wasichana wanaopigana ndondi, tena vizuri. Michezo inasonga mbele kabisa tangu niondoke, na ripoti, nasikia, zimekuwa fupi. Yule kijana wa Kinama, ambaye sasa ana mvi mbili tatu, alifungua klabu yake karibu na pale anapotengeneza baiskeli. Yeye na kocha walikuwa hawajasemezana tangu siku ile ya uani.

Mke wangu ndiye aliyeniletea habari, pamoja na mikate. Kocha na mkewe wamekubaliwa kumfuata binti yao katika nchi ya baridi, huko ambako wakimbizi hupelekwa na hawarudi. Wanaondoka Alhamisi ya wiki inayofuata. Mke wangu aliweka mikate mezani, akaanza kuikata bila kunitazama. Yeye anajua kila kitu. Nilimwambia mwaka wa kwanza, na tangu hapo hajanipa nafasi ya kusahau.

"Kwa hiyo mutu wa watu anakwenda zake," alisema, "na uongo yako ndani ya valizi, katikati ya nguo zake."

"Nilikuwa nimepanga kumwambia."

"Ulipanga. Baba watoto, we unapanga tangu watoto wako wananyonya."

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Kocha alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akifunga sanduku kwa kamba, goti juu ya kifuniko kama mtu anayemshikilia mpinzani mkekani. Amezeeka, lakini mabega ni yaleyale. Mkewe aliniletea kigoda. Nikamwambia yote. Barua kwenye droo, siku kumi na moja, maji niliyokunywa, taulo, redio, ripoti. Nilisema bila kupumzika, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikangoja hasira yake. Niliona ninaistahili, na kwa kweli nilikuwa naitamani.

Alivuta kamba, akaipiga fundo.

"Nani amekutuma? Yeye?"

"Hakuna aliyenituma."

"We ni mutu muzuri, Sekretere," alisema kwa huruma, na huruma hiyo ilinichoma kuliko ngumi. "Unaona mi naondoka, unataka kutupatanisha. Unabeba kosa ya mutoto juu ya kichwa yako. Mungu atakubariki. Lakini mi nilisoma karatasi."

"Karatasi niliandika mimi. Ni uongo."

"Ilikuwa na kashe."

"Muhuri ulikuwa wangu!"

"Ndiyo maana niliamini," akasema.

Maisha yangu yote nilitaka watu waamini muhuri wangu kuliko macho yao, na huyu mmoja alikuwa ameamini. Nilimwomba jambo dogo tu: Jumapili kuna mapambano kwenye klabu ya Kinama, twende akaage vijana.

"Nitakwenda kuona watoto," alisema. "Yeye sitamutazama."

Nilijiandaa. Nilinunua taulo jeupe, nikalikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na nikaandika hotuba ya kurasa mbili. Mpango wangu ulikuwa kwamba baada ya pambano la mwisho nitasimama mbele ya wote, nitaonyesha taulo, nitaeleza kwa utaratibu: kwanza desturi, pili sheria, tatu kosa langu. Mke wangu aliisoma hotuba akauliza kama watu watapewa chakula cha mchana kabla au baada.

Klabu ni uwanja mdogo wenye ukuta wa matofali upande mmoja. Kamba za ulingo ni mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli iliyounganishwa. Tulipoingia, mwenye klabu alimwona kocha, akasimama wima kama askari, kisha akageuka akajifanya anakaza kamba. Kocha alichagua kiti upande wa pili wa ulingo, mbali naye. Mimi nikakaa pembeni yake, mstari wa mbele, mfuko mapajani.

Pambano la tatu lilikuwa la wasichana. Yule wa klabu ya Kinama alikuwa mwembamba, mikono mirefu. Raundi ya kwanza alipigwa. Ya pili akapigwa zaidi kidogo. Kwenye kona mwenye klabu alikuwa anamwambia jambo kwa sauti ya chini, akimpa maji kidogo kidogo. Raundi ya tatu yule msichana aliinama chini ya ngumi, akainuka na mkono wa kushoto.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka kelele, na nakumbuka kwamba mojawapo ya kelele ilikuwa yangu. Kofia yangu, kofia nzuri ya kushonwa kwa mkono, tayari ilikuwa hewani. Ilipita juu ya mipira ya baiskeli, ikatua mbele ya miguu ya refa.

Refa alikuwa kijana aliyesoma, kizazi cha kitabu. Alisimamisha pambano papo hapo, mkono juu.

"Imetoka kona gani hii?"

Yule msichana alitazama kofia, uso ukaanza kumharibika. Na mimi nilikuwa nimesimama, mdomo wazi, viganja vimekutana katikati ya makofi.

"Apana!" Mwenye klabu alipaza sauti kutoka kona yake. "Refa, apana! Huyu muzee hana kona. Yeye ni mutu wa kutazama tu. Endeleeni!"

"Una uhakika?"

"Namujua. Anafurahi tu. Akifurahi anatupa!"

Watu wakaangua kicheko. Refa akaichukua kofia kwa vidole viwili, akaitupa nje ya kamba, pambano likaendelea. Nikaokota mfuko, nikaketi. Hotuba ilikuwa imeanguka chini, mtu ameikanyaga. Nilihisi kocha ananitazama kwa upande.

"Hivi ndivyo ulifanya kule?" aliuliza taratibu.

"Hivi hivi."

"Na isume."

"Na isume."

"Na makofi?"

"Na makofi pia."

Pambano lilikuwa bado linaendelea kocha alipoinuka, akazunguka ulingo mzima, taratibu, watu wakimpisha, mpaka kwenye kona ya Kinama. Nilikuwa mbali, lakini kocha hajawahi kujua kusema kwa sauti ndogo.

"Uliniambia ukweli, mi nikakufukuza."

"Kocha," mwenye klabu akamjibu, macho yakiwa bado kwa msichana wake, "hata mi singeamini."

Kisha nikaona kocha anainamia kamba. "Mukono!" akapiga kelele. "Mutoto, mukono wa kushoto unaanguka! Unataka kuokota nini huko chini?" Na yule mwenye klabu, mtu mzima mwenye mvi, akafunika uso kwa kiganja, na mabega yakawa yanatikisika. Sikuweza kujua kama anacheka au analia, na halikuwa jambo langu kujua.

Walisimama hivyo, wawili, migongo kwangu, mpaka mapambano yakaisha, na baada ya hapo waliendelea kuzungumza. Hakuna aliyegeuka kunisamehe. Nilikuwa nimeandaa pia maneno ya kupokea msamaha, aya nzima.

Msichana alishinda. Alikuja na kofia yangu mkononi, bado na glavu, akiibana kati ya ngumi mbili.

"Muzee, shika kofia yako. Ungenipotezesha."

"Najua, mwanangu. Ulipiga vizuri sana."

"Asante. Siku ingine ungoje kengele."

Halafu akafika mwenye klabu. Alitazama mfuko mapajani mwangu, akautazama tena, akanyoosha mkono. Nikampa. Alitoa taulo, akalikunjua, akampangusa msichana uso na shingo, kisha akalining'iniza begani mwake mwenyewe.

"Jumapili ijayo kuna mapambano mengine," alisema. "Kocha atakuwa ameenda. We utakuja?"

Nikasimama, nikasema nitakuja, kama ataniruhusu.

Akakichukua kiti changu, akakipeleka mwenyewe mpaka ukutani, mstari wa mwisho kabisa, akakipima kwa macho mpaka ulingoni, akakisogeza nyuma hatua moja zaidi.

"Utakaa hapa," akasema. "Hapa mukono wako haufiki."